Kabati la zamani lipi ununue Tabora: la kwanza mpaka la mwisho

Nyumba tunazopanga wengi wetu hapa Tabora hazina kabati za ukutani. Nguo zinakaa kwenye mabegi, mashuka juu ya kiti, vyombo kwenye beseni chini ya meza. Ukipata fedha kidogo, macho yanakwenda kwenye kabati jipya lenye kioo kirefu na mng'aro wa dukani. Nakuomba usilipe kwanza. Pita kwa watu wanaohama, kwa mafundi wanaopokea vitu vikuukuu, kwenye minada ya vyombo vya ofisi. Mimi nimenunua vyombo saba vya zamani vya kuhifadhia vitu, viwili nikajuta, na hivyo viwili vilinifundisha kuliko vitano vilivyobaki.

Sipangi kwa umri. Napanga kwa mbao, kwa maungio, na kwa namna chombo kinavyokistahimili kiangazi chetu. Mvua zetu huanza Novemba na kuisha Aprili. Baada ya hapo hakuna tone hadi Oktoba, na Septemba hewa imekauka mpaka midomo inapasuka. Mbao hunywa unyevu wakati wa mvua ikavimba, kiangazi inautoa ikasinyaa. Ndiyo maana nashauri ununue Septemba au Oktoba, kwa kuwa ufa wowote uliopo utakuwa wazi mbele yako. Ila kumbuka upande wa pili: droo inayokaza Oktoba, Januari haitafunguka kabisa.

Namba moja, bila ubishi, ni kabati la nguo la mninga lililotengenezwa na fundi wa hapahapa. Mninga ni mti wa miombo, na miombo ndiyo inayotuzunguka. Ukiukata mti mbichi unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao yake ya moyoni ina rangi ya hudhurungi yenye mistari, haipindi ovyo, na mchwa hawaipendi. Wazee walipokuwa wakijenga kabati la mninga walitumia mbao nzima hadi mgongoni. Leo mgongo unafungwa kwa hadibodi, na hadibodi ikilowa mara moja basi.

Hapa nitakaa kidogo, maana ukijua kulikagua hili, mengine yote utayaweza.

Anza nyuma. Mwambie mwenye mali alivute kutoka ukutani, kwa sababu mbele kunapigwa vanishi na nyuma hakuna anayejisumbua. Tazama rangi ya mbao yenyewe mahali pasipopakwa kitu. Ukiona pembeni kuna ukanda mweupe, hiyo ni mbao ya karibu na gome, na wadudu huanzia hapo. Vitundu vidogo vyenye kingo nyeusi na vumbi la zamani si tatizo kubwa. Vitundu vyenye unga mpya, laini, unaomwagika ukigonga kwa kiganja, maana yake wadudu wako ndani wanakula sasa hivi.

Kisha chomoa droo, wengine huiita mtoto wa meza, uigeuze juu chini. Angalia kona. Droo ya fundi mzuri ina meno yaliyokatwa kwenye mbao na kupishana kama vidole vya mikono miwili. Iliyopigiliwa misumari tu italegea. Pitisha kidole kwenye kingo za chini: droo iliyofunguliwa miaka mingi imelika kidogo, laini, na zaidi upande mmoja. Kabati linalosemwa ni la babu huku kingo zake bado zina ukali wa msumeno linahitaji maelezo.

Mwisho fungua mlango nusu na uuachie. Mzee mmoja fundi wa Ng'ambo, hapa hapa mjini Tabora, ndiye aliyenifundisha hili. Nilimwamkia, akaitikia, akaniona nahangaika kupapasa vanishi, akasema, "Mwanangu, acha kushikashika. Uachie mlango uone unakwenda wapi." Ukibaki palepale, kabati limesimama wima na bawaba ni nzima. Ukijifunga au kujifungua wenyewe, ama sakafu imeinama ama fremu imepinda. Sogeza kabati mahali pengine ujaribu tena. Ukifanya vilevile, ni fremu.

Kuhusu bei, nina kipimo kimoja tu. Muulize fundi leo atakutengenezea kabati jipya la mninga wa kukauka la ukubwa uleule kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo dari yako. La zamani lisizidi hapo hata muuzaji akikuhadithia mpaka jioni.

Namba mbili ni kabati la vyombo lenye wavu, lile la jikoni la mama zetu: juu milango ya wavu wa kupitisha hewa, chini milango ya mbao. Kwa mtu asiye na friji, au ambaye umeme wake haueleweki, hakuna kitu bora. Kasoro yake iko miguuni. Zamani miguu iliwekwa kwenye vikopo vya maji kuzuia sisimizi, na mbao iliyokaa majini miaka ishirini inaoza kimyakimya. Utaona alama nyeusi ya mduara kama kimo cha kidole kutoka chini. Bonyeza hapo kwa ncha ya ufunguo. Ukizama, miguu inahitaji kuungwa upya, na punguzo lazima lionekane kwenye bei. Wavu wenyewe ukichanika ni kitu cha kubadilisha jioni moja.

Lakini nusa. Mkoa wetu ni wa tumbaku, na baadhi ya kabati za zamani ziliwahi kuwa stoo ya dawa za shambani. Kukiwa na harufu kali ya dawa ndani, usiweke chakula humo hata ukilisugua mara kumi. Liache. Na kama lilikuwa likihifadhi mahindi, tafuta dumuzi. Mdudu huyu tunamjua kuliko mikoa mingine, kwani ilikuwa hapa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndipo alipotambuliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika. Haishii kwenye punje. Anatoboa hata mbao. Ukimleta ndani, atatoka kabatini aingie kwenye gunia lako.

Lililopakwa rangi ya mafuta lina jambo lake pia. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usipige msasa mkavu ndani ya nyumba. Lowesha, fanya nje, watoto wakiwa mbali.

Namba tatu ni kasha, sanduku la pwani lenye njumu, yaani mapambo ya shaba yaliyopigiliwa juu ya mbao. Najua wengi wangeliweka la kwanza. Ni zuri, hakuna anayebisha, na mji huu una haki nalo: misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, na reli ilipofika mwaka 1912 mizigo ya pwani ikawa inashuka stesheni. Mengi tunayoyaita ya Zanzibar yalitengenezwa India, kwa msaji na mbao nyingine ngumu. Nimelishusha hadi namba tatu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hali ya hewa. Kasha lililoishi kwenye unyevu wa bahari likiletwa huku, kiangazi cha kwanza kinaweza kulipasua kifuniko. Ya pili ni udanganyifu, na hapa nina kidonda changu.

Dalali mmoja aliniuzia kasha "la miaka mia". Nilivutiwa na weusi wake na harufu ya ubani ndani. Nyumbani, mwanangu akiwa anachezea sumaku ya spika mbovu, ikanata kwenye njumu. Shaba haishikwi na sumaku. Zilikuwa chuma kilichopakwa rangi. Nikafungua bawaba nikakuta skrubu za kichwa cha nyota, ambazo hazikuwepo duniani kabla ya miaka ya 1930. Weusi ulikuwa kiwi ya viatu. Tangu siku hiyo sumaku ndogo haikosi mfukoni mwangu ninapokwenda kununua, nami nakuomba ufanye hivyo.

Jambo jingine linaloniuma. Siku hizi kuna watu wanaokata milango ya nakshi ya nyumba za kale, kama ile unayoiona kwenye Tembe ya Livingstone kule Kwihara, wakaifanya kabati au meza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Usinunue. Mlango uking'olewa, nyumba imekufa, na hakuna fundi atakayeirudisha.

Namba nne, kabati la chuma la ofisini na tranka la bati la shule, naziweka pamoja. Hazipendezi, ila mchwa hawazili na panya hawapiti. Kwa hati, vyeti na blanketi zinatosha kabisa. Angalia kutu chini, na usilipe kabla hujapewa ufunguo ukaujaribu mwenyewe.

La mwisho ni kabati la ganda jembamba la mbao lililobandikwa juu ya mbao za unga. Liwe la miaka ya themanini, liwe la jana, likivimba halirudi.

Ukishanunua la mbao, usikimbilie vanishi. Tabora tuna nta ya nyuki ambayo wengine wanaiagiza kutoka mbali. Weka nta ndani ya kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji moto, iyeyuke. Itoe mbali na moto kabisa ndipo uongeze tapentaini kidogo, maana inashika moto haraka. Paka kwa kitambaa, subiri, sugua. Kipande cha nta kikavu pitisha kwenye njia za droo, zitateleza hata Januari.

Siku ya kulibeba, toa droo zote na uondoe milango kabla halijapanda guta, kisha funga skrubu kwenye mfuko mmoja uukalie mwenyewe. Ukitaka kulipeleka nje ya mkoa, pita kwanza ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, uulize karatasi za kusafirishia, kwa kuwa kwenye kizuizi hawatasikiliza kwamba ni la zamani.