TAHADHARI: Anayeuza nafasi za kujitolea Ujerumani hapa Mwanza

Wanafunzi wenzangu, hasa mliomaliza kidato cha sita na mlio mwaka wa kwanza vyuoni, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna kaka anapita kwenye magrupu ya WhatsApp akitangaza nafasi za kujitolea Ujerumani kwa mwaka mmoja, kwenye nyumba za kutunzia wazee. Kwangu amekula 880,000. Sehemu kubwa ni hela ya mama, ya dagaa anazouza pale Mwaloni Kirumba, msimu mzima. Naandika huku nimeumia.

Kilichonivuta ni wikiendi. Alituonyesha picha za treni, akasema Ijumaa jioni unatoka kazini, Jumamosi uko Paris, Jumapili usiku umerudi. Mimi mbali zaidi niliyowahi kufika kwa kujitegemea ni Nansio kwa meli, basi nikaziota hizo treni wiki nzima. Na ubaya wake ni kwamba hapo hakudanganya: mwenye kibali cha kuishi Ujerumani anaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizofunguliana mipaka, hadi siku 90 katika kila siku 180. Uongo wake ameufunga ndani ya ukweli, ndiyo maana hata watu wazima nyumbani walimwamini.

Alianza na 50,000 ya fomu. Wiki mbili baadaye 350,000 ya "kushikilia nafasi". Kisha ikaja barua ya mwaliko yenye mhuri mkubwa, na 480,000 ya viza, itumwe siku hiyohiyo kwa namba yenye jina la mtu mwingine kabisa. Baada ya hapo ni "kesho" na "mfumo uko chini", mpaka simu ikazimwa.

Nilipokuja kuuliza kwa dada mmoja wa mtaani kwetu aliyewahi kwenda kweli, nililia. Mpango wa serikali ya Ujerumani wa kujitolea unaitwa Bundesfreiwilligendienst, wenyewe wanasema BFD. Kwa kawaida ni miezi 12. Anayejitolea hupewa hela ya matumizi na kukatiwa bima, na dada huyo hakuuziwa nafasi na mtu yeyote. Mkataba wake ni kati yako na serikali yao, kupitia ofisi iliyoko Köln. Barua yangu imesainiwa na "Mkurugenzi" mwenye anwani ya Gmail.

Viza yenyewe ya kukaa muda mrefu ni yuro 75, yaani laki mbili na kitu. Unaiomba wewe mwenyewe, unafika mwenyewe Dar, unachukuliwa alama za vidole. Huyu kaka alitukataza kabisa kuwasiliana na ubalozi, eti "mtaniharibia kazi". Ukisikia maneno hayo, ondoka hapohapo. Aliwaambia wengine wataenda kwa viza ya utalii na kubadilisha wakifika. Msikubali. Viza ya utalii haikupi ruhusa ya kwenda kufanya kazi ya mwaka mzima, na atakayerudishwa uwanja wa ndege ni wewe, siyo yeye.

Cheti cha BRELA alichotundika ukutani kisiwatishe. Kile ni usajili wa jina la biashara tu, hakimpi mtu uwezo wa kutoa viza.

Na jamani, pasipoti! Yangu niliifuatilia mwenyewe Uhamiaji kwa 150,000, nikalipa kwa namba ya malipo ya serikali, risiti ninayo. Akataka nimwachie "kwa usalama", mama akagoma. Namshukuru mama mpaka leo, maana wenzangu wawili pasipoti zao ziko kwake na hawajui pa kuanzia.

Chumba alichokuwa anakitumia kama ofisi, ghorofani katikati ya mji, sasa kimefungwa. Ila juzi tangazo lilelile, kwa picha zilezile za treni, limeonekana kwenye grupu la Buzuruga kwa namba mpya. Ujumbe wake nimeutuma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na polisi nimeshafungua RB. Kama na wewe ulilipa, usifute meseji za muamala wala sauti alizokutumia. Nitafute inbox tuongozane kituoni, tuko wanne mpaka sasa.