Picha za uchumba kwenye theluji ya Lake Louise: huduma tuliyoilipia na jinsi ilivyokuwa

Mimi na mchumba wangu tunaishi Calgary, na mwishoni mwa Januari tulimlipa mpiga picha mmoja dola 900 za Kanada ili atupige picha za uchumba kando ya Lake Louise, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Banff, umbali wa kilomita 180 hivi kutoka mjini. Naandika kwa ajili ya wenzetu wanaofikiria jambo kama hili, hasa waliokulia mahali ambapo baridi kali ni ile ya Julai kule Njombe au Lushoto. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya fedha ile ilikwenda kwenye maandalizi, na hapo ndipo mpiga picha huyu alipoonyesha umahiri wake.

Wiki tano kabla ya siku yenyewe alizungumza nasi kwa simu kwa muda wa saa nzima. Alitaka kujua kama kuna mwenye pumu, viatu vyetu ni vya aina gani, na kama gari letu lina matairi ya theluji. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania Moraine Lake, ziwa jingine la hifadhi hiyo. Akanieleza kwamba barabara ya kwenda huko hufungwa tangu katikati ya Oktoba hadi karibu na Juni. Nilipoomba basi twende mpaka mwisho wa Lake Louise, chini ya milima, alikataa pia, kwa kuwa njia ya huko hupita chini ya miteremko inayoporomosha theluji. Kuhusu kamera ya kuruka angani alisema hairuhusiwi hifadhini bila kibali maalumu. Nilimheshimu kwa kukataa mambo hayo yote waziwazi kabla hajapokea hata senti moja.

Gauni langu lilikuwa la kitenge chekundu chenye maua ya manjano, lililoshonwa Morogoro kwa ajili ya joto la Morogoro. Alinishauri lipanuliwe ili liweze kuvaliwa juu ya fulana ya sufu na suruali mbili za kubana, kwa hiyo dada mmoja wa Kikongo anayeshona nyumbani kwake hapa mjini akaachia mishono ya ubavuni na kwapani. Hakuna picha hata moja inayoonyesha kwamba ndani nimevaa nguo za kupandia mlima. Alituagiza pia tuzungushie uzi mwembamba upande wa chini wa pete, kwa sababu vidole husinyaa kwenye baridi. Niliona anazidisha tahadhari. Asubuhi ile kipimajoto cha gari kilisoma nyuzi 24 chini ya sifuri, na pete ambayo nyumbani huivua kwa sabuni ilikuwa inazunguka yenyewe kidoleni. Bila ule uzi ingeanguka, na kwenye theluji inayofika magotini nisingejua hata pa kuanzia kuitafuta.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, kwa maana majira hayo jua huchomoza karibu na saa mbili na nusu, na yeye alitaka tuwe tayari pale mwanga wa kwanza unapogusa kilele cha Mlima Victoria, chenye urefu wa mita 3,464. Utaratibu wake ulikuwa wa dakika nne za picha, kisha makoti. Betri za akiba alizihifadhi mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi huzimaliza nguvu upesi. Na kamera aliifungia kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia nayo garini, ili ukungu usigande kwenye lenzi.

Jambo lililonigusa zaidi ni namna alivyoshughulikia ngozi zetu. Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga yenyewe hudanganywa na weupe wa theluji, hivyo hupunguza mwanga wa picha nzima, na watu weusi kama sisi ndio tunaopotea kwanza. Alitupigia picha ya majaribio akatuonyesha kwenye kioo cha kamera: theluji imekuwa ya rangi ya majivu, na uso wa mchumba wangu hauna macho. Kisha akaongeza mwanga, akatugeuza ili ule unaoakisiwa na theluji utupande usoni kutoka chini. Picha iliyofuata ilionyesha theluji nyeupe, ndevu za mchumba wangu zilizoganda umande, na mstari mwembamba wa wanja niliopaka gizani garini. Nimewahi kupigwa picha za majira ya baridi mara kadhaa katika nchi hii, lakini hiyo ndiyo ya kwanza niliyojitambua.

Ndiyo maana usafishaji wa picha uliniumiza. Fungu la kwanza alilotutumia lilikuwa limepakwa rangi ya samawati kila mahali, ngozi zetu zimekuwa za kijivu, eti kuongeza hisia ya baridi. Tulilalamika, naye akarekebisha vizuri kabisa, ila picha zilizoahidiwa baada ya wiki nne zikafika baada ya saba. Kamati ya harusi nyumbani ilikuwa inazisubiri kwa ajili ya kadi za mchango. Hatimaye kadi zikachapwa kwa picha ya zamani tuliyopiga kwa simu sebuleni.

Mkataba nao una kifungu kizito. Barabara ikifungwa, unapangiwa siku nyingine bila malipo; ukiahirisha mwenyewe kwa sababu ya baridi, unapoteza dola 300 za kianzio, hata kama nyuzi zimefika 29 chini ya sifuri. Kwa mtu aliye katika mwaka wake wa kwanza hapa, sharti hilo ni kali mno.

Kwa kazi ya pale ziwani ningemchukua tena bila kusita. Ila safari hii ningeomba kwanza kuona picha tano alizokwisha kuzikamilisha za watu wenye ngozi kama yangu wakiwa kwenye theluji, na tarehe ya kukabidhi ningetaka iandikwe ndani ya mkataba, pamoja na kiasi kitakachopunguzwa kwa kila wiki ya kuchelewa.