Nalipia huduma ya meili za kikundi, imenifukuzia watu wangu bila hata kuniambia

Nyota moja. Mara ya kwanza niliweka mbili, nikarudi nikatoa moja, na msishangae mkifika chini mkakuta nimebadilisha tena maana hata sasa hivi naandika huku mkono unatetemeka.

Iko hivi. Nina kakikundi ka Kiesperanto, watu sitini na kitu, tunaandikiana kwa imeili. Unatuma meili moja kwenye anwani ya kikundi, inawafikia wote, ndo huduma yenyewe hiyo, sio roketi. Kwa asiyejua, Kiesperanto ni lugha ya kutungwa, alikaa daktari wa macho mmoja wa Warsaw anaitwa Zamenhof akaitoa kwenye kitabu 1887, na usinicheke, ukiwa Mswahili kuna mambo yake unayashika fasta. Mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu, inasomwa kama inavyoandikwa, na unabandika vipande mbele na nyuma ya neno kama tunavyobandika sisi. Agosti 2024 kongamano lao la dunia, la 109, lilifanyika Arusha, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika, na nusu ya watu wangu niliwapata pale, nimerudi Mwanza na mfuko umejaa vikaratasi vya imeili, vingine vimelowa chai.

Najua utauliza kwa nini sio WhatsApp. Jamani. Kuna mama yuko Japani hataki hata kuisikia, kuna wa Togo kila miezi miwili ana namba mpya, na kuna watu wanaandika barua za kurasa tatu kuhusu sarufi, hizo ukiziweka WhatsApp zinamezwa na gud moning na maua kabla hujamaliza kusoma. Imeili inakaa. Mtu wa bando la wiki anaifungua siku akiwa na bando.

Huduma yenyewe siitaji jina maana sitaki kesi, ila ni ya kulipia kwa dola, na dola ninyi mnaijua. Kilichonivuta ni herufi. Kiesperanto kina herufi sita zenye vikofia, na ile ya bure niliyokuwa natumia zamani ilikuwa inazichinja, mtu anaandika ĉu, wewe unapokea Ä‰u, tukawa tunaandika cxu kwa ile mbinu ya x, meili nzima inaonekana kama pasiwedi. Sasa kuna sentensi wenyewe wanajaribia kibodi, eĥoŝanĝo ĉiuĵaŭde, maana yake mabadiliko ya mwangwi kila Alhamisi, haina kichwa wala miguu ila vikofia vyote sita vimo. Nikaituma siku ya kwanza. Ikaenda, ikarudi, vikofia vyote juu ya vichwa. Nilifurahi mpaka nikamuonyesha mke wangu, akaniangalia akaendelea kuchambua mchele. Nikalipa mwaka mzima siku ile ile. Bure kabisa akili yangu.

Miezi ikaenda vizuri tu, sidanganyi. Halafu kipindi cha mvua hivi nikaanza kuona kimya. Mwanzoni nikasema watu wana shughuli. Babu yetu mmoja wa Uholanzi yeye akawa anaandika kama kawaida, mara nne kwa siku, huyu babu ndo polisi wetu wa n, nitaeleza. Halafu akaniandikia pembeni kunipongeza, eti siku hizi kikundi kimetulia, hakuna makosa tena. Mimi mjinga nikamshukuru!

Jumapili moja natoka kanisani simu inaita, mwalimu mstaafu wa upande wa Mara, mtu aliyeanza kukisema Kiesperanto mimi bado nachunga mbuzi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nimekukosea nini?"

"Mwalimu?"

"Nauliza tu mwanangu. Kama ni ile n ungeniita ukaniambia. Sio kunitoa kimyakimya kama mtu aliyeiba kuku."

Nilisimama pale pale barabarani bodaboda wananipigia honi.

Ile n sasa. Kwenye Kiesperanto kinachotendwa kinaongezewa n, nasoma kitabu ni mi legas libron, ukisahau n unaonekana kama umetoka nje bila shati. Mwalimu alisahau, akaandika libro, babu wa Uholanzi akamsahihisha mbele ya watu wote sitini. Mwalimu akajibu kwa hasira, mimi nikaingia kwa Kiswahili kumtuliza mwalimu, babu akanigeukia mimi eti nafanya krokodili, yaani kufanya mamba, ndo wanavyoita ukisema lugha yako ya nyumbani mahali ambapo kila mtu anasema Kiesperanto. Niambie mimi mtu wa ziwani kuhusu mamba. Basi tukapoa, tukasameheana, nikadhani yameisha. Ila hawa watu n kwao sio kitu kidogo, mwaka 1907 walishagawanyika, wenzao wakatoka na lugha yao ya Ido, wakavua herufi vikofia na wakaacha hiyo n ya lazima, na Ido kwa Kiesperanto maana yake mzawa, mtoto wa. Kwa hiyo mtu akijikuta nje ya kikundi wiki mbili baada ya ugomvi wa n, hawazi seva. Anawaza amefukuzwa.

Nikafika nyumbani nikafungua akaunti. Wamebaki watu kumi na moja. Kumi na moja! Hakuna taarifa, hakuna meili, hakuna hata kidoti chekundu, ukibonyeza mahali padogo kabisa ndo unaona jina baada ya jina, limeondolewa, limeondolewa, limeondolewa, kama daftari la msiba.

Nikaandikia huduma kwa wateja. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu wakajibu, na hapa ndo naomba mnisikilize vizuri. Mtu anaitwa mtaalamu wa furaha ya wateja, ndo cheo chake kimeandikwa chini, ananiambia watu wangu wameonyesha kuwa hawapendi kupokea meili zangu, na kwamba wamezipitia meili zenyewe, lugha yake haitambuliki, wananishauri niandike kwa lugha halisi ili nisionekane kama spamu.

Lugha halisi.

Nimekaa na hilo neno mpaka leo. Kuna watu wamezaliwa nyumbani wakiongea Kiesperanto na mama na baba, ina vitabu, ina nyimbo, watu wameoana kwa hiyo lugha, halafu mtoto wa juzi ambaye kwenye meili yake mwenyewe amekosea jina langu mara mbili ananiambia mimi lugha halisi. Na hata ingekuwa lugha niliyoitunga mimi na wanangu chini ya mwembe, nalipia dola, peleka barua! Posta hawafungui bahasha kuangalia kama umepanga vizuri ngeli.

Nikajibu. Sitaweka hapa nilichojibu. Nilikijibu kwa Kiesperanto, chote, na n zote mahali pake, babu angejivunia.

Haya sasa, na hapa naomba niwe mkweli ingawa inaniuma. Usiku mmoja akajibu mtu mwingine, dada mmoja hivi, kwa upole kabisa, na kwa dakika kumi akanieleza kitu ambacho yule wa furaha hakukijua. Kosa lilikuwa meili za babu. Babu ana anwani ya Yahoo ya enzi na enzi. Yahoo tangu Aprili 2014 waliweka sheria, kitu kinaitwa DMARC, wanaiambia dunia nzima kwamba meili yoyote inayodai imetoka kwetu na sahihi yake haijakaa sawa, ikataeni mlangoni. Sasa meili ya babu ikipita kwenye kikundi, huduma inabandika jina la kikundi kwenye kichwa cha habari na maneno ya kujitoa kule chini, sahihi inavunjika, ni kama umeongezea mstari kwenye barua iliyokwisha gongwa muhuri. Gmail wanaikataa. Na huduma ikiona imekataliwa haisemi meili ya babu ina shida, inasema huyu mpokeaji mbovu. Meili tano zikikataliwa, nje. Babu anaandika mara nne kwa siku, piga hesabu mwenyewe. Watu wangu wa Gmail karibu wote waliisha ndani ya siku mbili kwa kosa la mtu mmoja, na waliobaki ni babu na wenzake wenye anwani za vyuo na za makampuni yao, yaani wale wale wa n! Ndo maana akaona kumetulia. Nilicheka peke yangu gizani, halafu nikakasirika upya.

Maana dawa yake ni kitufe. Kitufe kimoja, ukikiwasha meili inatoka kwa jina la kikundi, ya babu inaandikwa babu kupitia kikundi, sahihi inawekwa mpya, Gmail wanapokea. Kipo. Wanacho. Wamekizima tangu mwanzo na wamekificha ukurasa wa tatu wa mipangilio kwa jina ambalo hata ukiliona hujui ni la nini. Tatizo la zaidi ya miaka kumi, dawa mnayo kabatini, mnaniachia nife halafu mnaniambia lugha halisi!

Ila yule dada. Kwa ajili yake nilipandisha nyota tatu usiku ule ule. Aliniuliza mpaka ĉu maana yake nini, nikamwambia ni je, ile je ya kuanzia swali, akasema kwao pia wanayo ya namna hiyo. Mtu wa hivyo ndo anafaa awe na hicho cheo cha furaha.

Halafu asubuhi nikataka kuwarudisha watu wangu. Haiwezekani. Mtu akishaondolewa huwezi kumrudisha mwenyewe, lazima atumiwe meili ya kuthibitisha abonyeze, na hiyo meili ya kuthibitisha, nashindwa hata kuandika, inaangukia kwenye spamu. Nikashuka mpaka moja tena. Nimepiga simu moja moja, nimeandika ujumbe Bujumbura, Lomé, Osaka, naomba samahani kwa kosa ambalo sio langu, ĉu umeangalia spamu, angalia tena, iko na herufi za bluu. Thelathini na nane wamerudi. Wengine wanasema wamerudi, nikiangalia hawapo.

Kama una kikundi kidogo na hamna mtu wa Yahoo, ichukueni tu, naisema kwa roho mbaya lakini ni kweli, vikofia vinakaa, kutafuta barua za zamani ni rahisi na meili zinafunguka hata kwenye simu ya kichina yenye mtandao wa kusuasua. Nyota mbili basi. Washa hicho kitufe siku ya kwanza kabla hujafanya kitu kingine chochote. Mwaka wangu unaisha karibuni na sijui, kuhama tena na wale watu na zile simu, sijui kwa kweli.

Mwalimu ndo bado hajarudi. Kinyongo hana, nilienda mpaka kwake nikamweleza yote na DMARC nikamchorea kwenye daftari, akaelewa kuliko yule wa furaha. Tatizo ni ile linki. Anasema wajukuu wake wamemkataza kubonyeza linki yoyote anayotumiwa, kuna jirani yake kaliwa laki nne kwa kubonyeza, na mimi mwenyewe ndo nilikuwepo siku anaambiwa nikaitikia kwamba ni kweli. "We nitumie tu WhatsApp mwanangu," akasema. Kwa hiyo kila jioni nafungua barua za siku, nazikopi moja moja, namtumia mwalimu WhatsApp, za babu nazo, na majibu yake nayachukua huko nayapeleka kwenye kikundi kwa mkono wangu, n zikiwa zimepungua nazirudishia njiani.