Uzoefu wangu: kuandika fanksheni zangu mwenyewe ndani ya LilyPond

Kwa miaka kadhaa nimeandikia kwaya nota kwa LilyPond, na muda wote huo nilikuwa mtu wa kunakili na kubandika. Kwa asiyeijua, hii ni programu ya bure ya kuandika nota, ya mradi wa programu huria wa GNU, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen. Huburuti nota kwa kipanya. Unaandika maandishi, yenyewe inakuchorea ukurasa. Uholanzi wake bado unauona kwenye majina ya nota: F shapu ni fis, B flati ni bes. Unazoea.

Kilichonisukuma kujifunza zaidi ni solfa. Waimbaji wengi hawasomi mistari mitano, wanasoma d, r, m. Basi nilikuwa naandika kila herufi kwa mkono juu ya nota yake. Nikisahihisha nota moja ya alto nasahau herufi yake, halafu mazoezini watu wawili wa sauti ileile wanaimba vitu viwili, kila mmoja na karatasi mkononi kama ushahidi.

Ndani ya LilyPond mna lugha nzima ya kompyuta, Scheme, inayoendeshwa na programu iitwayo Guile. Ni lugha ya mabano, mabano, na mabano tena. Wiki ya kwanza nilihesabu mabano zaidi kuliko nilivyohesabu mapigo. Fanksheni, yaani amri unayojitungia mwenyewe, huandikwa kwa define-music-function. Yangu ya kwanza ilipaka tu rangi nyekundu nota ninayoitaka. Ilikuwa mistari mitatu, nikajiona bingwa.

Ya solfa ilinikwamisha mpaka nilipokutana na amri moja, \displayMusic. Kama utachukua kitu kimoja humu, chukua hiki. Unaiweka mbele ya muziki wowote, nayo inakuonyesha jinsi programu inavyouona: si doa jeusi kwenye mstari, bali mti. Mfuatano ni shina, lina orodha ya matawi, na kila tawi ni NoteEvent, yaani nota moja, yenye sauti yake na urefu wake. Hapo ndipo nilipoona kwamba robo nota imehifadhiwa kama 2, kwa sababu ukiigawa nota nzima nusu kwa nusu mara 2 unapata robo. Nusu nota ni 1, nota nzima ni 0. C ya katikati ni sifuri mbili, moja ya oktavu na moja ya jina. Kumbe nilikuwa nikihangaika kuchora, na kazi yenyewe ilikuwa kupita kwenye mti na kuning'iniza herufi kwenye kila tawi.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Fanksheni inapokea nota ya do na muziki, music-map inapita tawi kwa tawi, ly:pitch-diff inapima umbali wa kila nota kutoka do, na jibu la 0 hadi 6 linageuka d, r, m, f, s, l, t. Fa iliyopandishwa inakuwa fe, ti iliyoshushwa inakuwa ta.

Halafu vile vistari vidogo vya pembeni mwa herufi, vinavyoonyesha nota iko oktavu ya juu au ya chini, vikatoka ovyo. Herufi zote sahihi, vistari vyote uongo! Siku mbili nilitafuta kosa kwenye hesabu yangu, kumbe hesabu haikuwa na neno. Nilikuwa nimeifunika fanksheni ndani ya \relative, ile hali ambayo oktavu ya kila nota hutegemea nota iliyotangulia. Fanksheni ilizisoma nota kabla oktavu zao hazijapangwa. Nikaigeuza, \relative ikawa ndani na fanksheni nje, vistari vikatulia.

Tahadhari moja kuhusu mifano ya zamani: utakuta fanksheni zinazoanza na maneno mawili, parser na location. Yalihitajika hadi matoleo ya 2.18, tangu 2.20, iliyotoka 2020, hayahitajiki tena. Mimi niliyaandika kwa miezi bila kujua yanafanya nini, kama mtu anayeitikia sala asiyoielewa.

Je, inafaa? Kama unaandika wimbo mmoja kwa mwaka, hapana, andika herufi kwa mkono. Kama una kwaya ya kulisha kila wiki, jioni chache za mabano zinalipa.

Bado sijaweza kuandika urefu wa nota kisolfa, zile nukta na vistari vya katikati. Kwa hilo lazima ujue nota iko pigo la ngapi ndani ya kipimo, na fanksheni ya muziki inausoma mti kabla mapigo hayajaanza kuhesabiwa. Hiyo ni kazi ya engreva, sehemu ya LilyPond inayochora alama ukurasani, mlango mwingine kabisa. Mwongozo wake niliufungua jana, nikakaribishwa na mabano.