Kaunta ya kaseti au maki za dijitali?
Nimetumia zote mbili kutafuta sehemu ya wimbo wakati wa kurekodi, na tofauti yake sio ndogo. Portastudio ya kaseti, mashine ya kurekodi muziki kwenye kaseti, zile TEAC walianza kutoa 1979, unaenda na kaunta, korasi ipo 112 unaiandika kwenye karatasi, na ile kaunta inahesabu mizunguko ya gurudumu sio sekunde, so namba kumi za mwanzo wa tepu na kumi za mwishoni sio muda uleule, halafu ukirudisha nyuma mara nyingi namba inasogea kidogo, haiangukii palepale. Zoom R16, mashine ya kurekodi ya dijitali, unabonyeza tu wimbo ukiwa unacheza inaweka maki, yaani alama ya mahali, maki mpaka 100 kwa projekti moja, unaruka korasi hapohapo. Kurudia kurekodi sauti ya mwimbaji, nachukua R16. Ila tepu ikijirudisha mwimbaji anapata kumeza mate, hizo sekunde nazitamani mpaka leo.