Jeshi na picha za karibu, mi nalinganisha hivi

Watu hapa Tanga wananiuliza, mzee umestaafu JWTZ, saa hizi unalala kifudifudi msituni Amani unapiga picha vidudu, vipi tena?

Jeshini unajifunza kutulia na kuvumilia, ila kila kitu kwa amri, kuamka amri, kula amri, na ukizembea anaumia mwenzako. Uzito huo hobi yoyote haiufikii, na wale niliolinda nao usiku ni ndugu zangu mpaka kesho.

Kwenye makro, yaani hizi picha za karibu sana, hakuna wa kukuamuru lakini nidhamu yake kali jamani! Ukisogea mpaka kipimo cha 1:1, yaani mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 kwenye sensa ya kamera (kile kibao kinachopokea picha), sehemu inayokaa kwenye fokasi, yaani inayoonekana wazi, ni kama milimita moja tu, mara nyingi hata haifiki, ukihema vibaya jicho la mdudu limeshapotea. Ukibana tundu la lenzi mpaka f/11 sehemu hiyo inaongezeka kidogo ila mwanga unapungua, hapo unahitaji flashi. Mi nachagua lenzi ya milimita 100 kuliko ya 60 sababu unakaa mbali kidogo, kinyonga hastuki.

Na lile ua la Saintpaulia, la kwetu Usambara, Wajerumani walilipeleka kwao miaka ya 1890, angalia jani lake kwa karibu, limejaa vinyweleo vimeshika umande! Jeshini nilipita misitu kama hii nikitazama mbali tu.

Kijana akiniuliza namwambia anza na JKT. Mstaafu mwenzangu, chukua kamera, hata simu yenye lenzi ya kubandika inatosha kuanzia.