Tumelipa kutafutiwa kijiji cha babu China, wakatupeleka kwa ukoo wa watu

Naandika hii kwa sababu kila nikisema mume wangu ni Mchina wa Oakland na tumefika mpaka kijijini kwao, swali la kwanza mlikipataje, la pili bei gani. Haya. Dola 1,900, utafiti pamoja na siku tatu za kuzungushwa, ndege na hoteli juu yenu. Kampuni iliyotutafutia siitaji jina. Nyota nawapa tatu kati ya tano, mama mkwe anasema mbili zinawatosha, mume wangu anasema nne maana yeye alikula kuku wa kijijini akasahau yote.

Babu mwenyewe ni baba yake mama mkwe. Aliingia Marekani 1931 kupitia Angel Island, kile kisiwa cha San Francisco ambako toka 1910 mpaka 1940 Wachina walikuwa wanawekwa ndani na kuhojiwa, wengine wiki wengine miezi, kwa sababu ya ile sheria ya 1882 ya kuwafungia mlango vibarua wa Kichina. Na maswali yenyewe sasa, kijiji chenu kina nyumba ngapi, kisima kiko upande gani, safu ya pili nyumba ya tatu anakaa nani, pipa la mchele mnaweka wapi, halafu wanaenda kumuuliza baba mtu yaleyale, mkipishana unarudi na meli. Sasa zile karatasi zipo mpaka leo! Nyingi za San Francisco ziko San Bruno, jirani na San Francisco, kwenye tawi la Nyaraka za Taifa za Marekani, unaandika imeili, unatoa jina, mwaka, na meli kama unaijua, wanakutafutia. Faili la babu lilikuja kurasa 40 na kitu, na ndani mna ramani ya kijiji, vinyumba vimepangwa kama sabuni dukani.

Hapa ndo nilianza kununa, maana kwenye risiti ya kampuni kuna mstari unasema kupata faili la uhamiaji, dola 400. Faili ambalo tumewatumia sisi wenyewe.

Lakini hilo dogo. Babu alikuwa "mtoto wa karatasi". Yaani tetemeko la 1906 na moto wake viliunguza kumbukumbu za mji wa San Francisco, Wachina wengi wakasema mi nimezaliwa hapahapa, na nani atabisha, cheti kimeungua. Ukishakuwa raia unaruhusiwa kuleta wanao, kwa hiyo kila mtu akienda China kusalimia akirudi anaripoti nimepata mtoto wa kiume, kazaa hajazaa, halafu ile nafasi anauza. Babu alinunua nafasi, akawa Lee. Ukienda kaburini kwake Colma, jirani na San Francisco, Kiingereza kimeandikwa Lee, Kichina kimeandikwa Wong (Kimandarini ni Huang, herufi ileile), na chini yake wilaya, Taishan, kusini mwa China, na jina la kijiji. Mama mkwe kasoma shule yote akiitwa Lee, na nyumbani anaambiwa wewe ni Wong na usimwambie mtu.

Picha ya hilo kaburi ilikuwa kwenye imeili yetu ya kwanza kabisa kwa kampuni. Hawakuifungua. Wamefuata faili tu, tumepanda treni ya kasi kutoka Guangzhou hadi Taishan, tumepakiwa kwenye gari na matunda na maboksi ya sigara, tukashushwa kijiji cha kina Lee.

Kijiji kizuri, bwawa mbele, mti mkubwa ule wa mizizi inayoning'inia, wazee wanacheza karata. Wakatupokea vizuri mno, wakaleta jiapu, kile kitabu cha ukoo, wanafunua kurasa wanatafuta, saa nzima, jina la babu halipo. Mama mkwe kakaa kimya, nadhani aibu ya miaka yote ile ilikuwa inamrudia, mwisho akatoa simu akaonyesha kaburi. Mzee mmoja akavaa miwani, akasoma, akacheka mpaka akakohoa. Hawa kina Wong, akasema, wako kule ng'ambo ya mashamba, mnaenda kwa miguu. Huyo mzee hakulipwa hata senti, alichukua sigara moja akaweka sikioni. Kwa hiyo nikiulizwa nani aliyetupatia kijiji, siyo kampuni, ni huyo.

Lugha nayo. Mwongozaji wetu ni kijana wa Guangzhou, Kimandarini safi, Kikantoni safi, lakini wazee wa Taishan wanaongea cha kwao, ni sawa na umchukue mtu wa Dar umpeleke Makunduchi aje atafsiri. Mama mkwe ndo alikuwa anashika, kile Kitaishan cha jikoni alichosikia utotoni.

Kwa kina Wong tulimkuta bibi wa miaka 88, mtoto wa kaka yake babu, kwa hiyo ni dada yake mama mkwe. Kamshika mkono hamwachii. Akasema kitu kirefu, mwongozaji akatafsiri, "anauliza safari ilikuwaje". Mama mkwe akamwangalia yule kijana, akasema sivyo. Anauliza hela zilikatika kwa nini.

Maana babu aliacha mke kule, yaani mama mkubwa wa mama mkwe, na alikuwa anatuma barua na dola, na huyu bibi akiwa msichana ndo alikuwa anapelekwa sokoni kuzichukua. China ilipoingia vita vya Korea, Disemba 1950 Marekani ikapiga marufuku kutuma pesa China. Basi. Kule hakuna aliyejua sababu, walidhani kawatupa. Mama mkwe akaeleza mwenyewe, maneno machache aliyonayo, mengine kwa mikono. Mwongozaji akatoka nje kuvuta sigara, na kwa hilo nampa nyota yake moja. Nyingine ni ya dereva, alikaa mpaka saa tatu usiku hakudai ziada.

Jiapu ya zamani iliungua wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, hii wameiandika upya, babu yumo, pembeni kuna maneno kwamba alikwenda Mlima wa Dhahabu, ndo San Francisco hiyo. Mabinti hawamo. Wakasema toleo lijalo wataandikwa, tukawaachia jina.

Siku ya tatu tulipelekwa Kaiping, wilaya jirani, kuangalia minara ya zamani, ile iliyoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2007. Mizuri sana, ila hatukuiomba na iko kwenye bili.

Mkitaka kwenda, anzeni makaburini siyo kwa kampuni, pigeni picha herufi za Kichina, maana kwa Kiingereza Chan, Chin na Chen anaweza kuwa mtu mmoja, na vijiji vya jina moja vimejaa kwa hiyo tafuteni na mji wa soko ulio karibu. FamilySearch, tovuti ya kutafuta koo, wana jiapu nyingi zilizoskaniwa na ni bure. Wa kwenu wakiwa walishukia Canada, kule kuna daftari la kodi ya kichwa, ile waliyotozwa Wachina wakiingia, ilianza dola 50 mwaka 1885 ikafika 500 mwaka 1903, linatafutika mtandaoni. Kampuni walipeni gari na mtu anayeongea Kitaishan, basi, mkatae vingine.

Ile dola 400 nimewaandikia, wamejibu ni gharama ya uhakiki. Mama mkwe kasema niachane nao, ana shida kubwa zaidi. Ameanza kumtumia dada yake hela kila mwezi, na kijijini wameshapiga simu mara mbili kuuliza huyu Lee anayewatumia ni nani.